Bosi wa Mvuke

Mtu mwenye akili zake hufurahi rafiki wa miaka ishirini anapopiga simu kusema anakuja kumtembelea. Meneja hakufurahi. Alisema "Karibu sana, ndugu yangu, karibu," huku uso umemsawijika kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Simu ilipokatika akabaki ameishika mkononi.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza. Alikuwa mbele ya cherehani anashona sare za shule, maana katika nyumba ile aliyefanya kazi alikuwa yeye.

"Mvuke."

"Mvuke yule wa kule?"

"Yule yule. Anakuja Jumamosi."

Mkewe akaondoa mguu kwenye pedali. "Jumamosi hii? Jumamosi ya wakwe?"

"Ameshakata tiketi."

"Basi tumekwisha," mkewe alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo cherehani ikanyamaza.

Inabidi ukweli tuuseme sisi, kwa kuwa mpaka siku ile wenyewe walikuwa hawajausema. Mtu huyu aliyeitwa Meneja na mtaa mzima hakuwahi kuwa meneja wa kitu chochote, hata banda la kuku. Miaka kumi na moja alifanya kazi ughaibuni, katika hoteli kubwa, ghorofa mbili chini ya ardhi, akifua na kukunja mashuka na taulo za wageni. Kazi halali, kazi ya jasho, haina aibu yoyote. Aibu waliitengeneza wao. Simu ya kwanza alisema, "Nimepata kazi hotelini." Mkewe akawaambia majirani mumewe ana cheo hotelini. Kaka wa mkewe akaongeza chumvi, hoteli anaiendesha yeye. Siku aliporudi na masanduku yake, watoto wa mtaa wakakimbia nyuma ya gari wakipiga kelele, "Meneja karudi! Meneja karudi!" Naye angeweza kusema hapana. Alitabasamu tu.

Tabasamu hilo lilimgharimu miaka tisa. Aliitwa kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi, mkewe akasema meneja hauzi misumari. Aliitwa kulinda ghala, mkewe akacheka mpaka akashika ubavu. Basi Meneja akakaa nyumbani, suruali imepigwa pasi, anasoma gazeti la juzi, analishwa na sare za watoto wa watu. Na sasa binti yao, muuguzi, alikuwa amechumbiwa na mtoto wa mwenye gesti ya vyumba thelathini, na mwenye gesti huyo alikuwa hatulii kwa hamu ya kukaa na mkwe mwenzake azungumze naye mambo ya hoteli.

Kaka wa mkewe aliitwa jioni ile ile. Alikuwa karani wa idara ya maji, mtu wa kuvaa tai hata siku ya mapumziko, na hakuna jambo lililompa raha kama kuitwa kutoa ushauri.

"Huyo mtu mpelekeni lojingi," Karani alisema. "Jumatatu ndiyo aje."

"Anasafiri siku tatu kuja kuniona," Meneja akasema. "Nimpeleke lojingi?"

"Haya, basi aje. Ila aje kama mtu wako."

"Mtu wangu vipi?"

"Mtu wa chini yako! Kila bosi ana watu waliomtumikia. Tena itakupandisha, shemeji. Hebu fikiria: mtumishi amevuka nchi ngapi sijui, kuja kumsalimia bosi wake wa zamani. Wakwe watakuonaje?"

Mkewe alimtazama kaka yake kama aliyeletewa zawadi. "Kaka, wewe una kichwa."

Meneja akafungua kinywa aseme haiwezekani. Aseme kwamba Mvuke ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu, na yeye chini ya Mvuke. Kilichomtoka kinywani kilikuwa hiki: "Sijui kama atakubali."

Tazama mwanamume huyo. Hakusema ni vibaya. Alisema hajui kama mwenzake atakubali.

*

"Soksi!"

Stendi nzima iligeuka. Mzee mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, alikuwa anateremka kwenye basi na begi moja la mgongoni, mikono ameitandaza kama anayetaka kukumbatia watu wote pamoja na mizigo yao. Soksi lilikuwa jina la Meneja kule chini ya ardhi, kwa sababu kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kutafuta wenza wa soksi za wageni. Mvuke naye aliitwa hivyo kwa kuwa aliisimamia mashine kubwa ya pasi, na ukiingia asubuhi ulikuwa huoni mtu, unaona mvuke tu na sauti inatukana ndani yake.

Walikumbatiana. Mvuke alinukia safari na sabuni ile ile. Kiswahili alikijulia humo humo kazini, kwa Soksi, wala hakuwa na la kuzunguka nalo: alisema jambo kama lilivyo na kuliacha hapo.

"Umenenepa," akamwambia. "Na mkono?"

"Mkono mzima."

"Hebu."

Meneja akakunja mkono wa shati pale pale stendi, na Mvuke akapitisha kidole juu ya kovu lililotoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Mkewe aliamini mumewe alianguka ngazini. Binti naye aliamini hivyo. Ukweli ni kwamba mashine ya pasi ilimmeza mkono, akalazwa miezi minne, na mkataba ulisema wiki mbili tu usipoonekana kazini unakatiwa tiketi ya kurudi kwenu. Hakukatiwa. Mvuke alifanya zamu yake ya mchana, kisha jioni akachukua kadi ya Soksi, akaigonga kwenye saa ya mlangoni, akafanya na zamu ya Soksi, aliyokuwa ameihamishia jioni kwa kuwa mpangaji wa zamu ni yeye. Kule chini wote walifunika nyuso kwa vitambaa, na wakubwa hawakuwa na haja ya kujua nani ni nani. Miezi minne mtu mmoja aliishi kwa majina mawili, na karo ya binti haikukosa hata muhula mmoja. Hayo Meneja hakuwahi kuyasimulia nyumbani, kwa sababu meneja haungui na mashine ya pasi.

Walipokuwa njiani kwa miguu, akamweleza. Alizunguka mbuyu, akakohoa, akasifia barabara mpya, mwisho akalitema.

Mvuke akasimama. "Meneja? Wewe?" Akacheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikapungua. "Na mimi nilikuwa nani?"

"Wewe ulikuwa... chini yangu."

"Nikifanya nini?"

"Mfuaji."

"Ah. Basi mimi mmeniachia kazi yangu. Afadhali."

"Ni siku moja tu, ndugu yangu. Wakwe wakishaondoka..."

"Sawa," Mvuke alisema, akaendelea kutembea. Sawa hiyo ilimuumiza Meneja kuliko matusi. Angetukanwa angejitetea.

*

Mgeni alipewa stoo. Mke wa Meneja alisema chumba cha wageni kinaandaliwa, na kweli kilikuwa kinaandaliwa, kwa ajili ya wakwe kukipita wakienda msalani na kukiona kitanda kimetandikwa. Alifua mashuka manane asubuhi ile, mawili yake na sita ya kuazima kwa jirani, akayaanika kwenye kamba ya mbele, penye kuonekana. Mvuke alinywa chai kwenye kikombe kisicho na mkono, vile vizima vikiwa mezani vimefunikwa kitambaa vinasubiri watu.

"Chai nzuri, shemeji," alisema.

"Ukimaliza utanisaidia kusogeza viti," mkewe akamjibu.

Binti ndiye pekee aliyemsalimia kwa mikono miwili. "Shikamoo ba'mkubwa. Baba kila Ijumaa akiongea na wewe kwenye simu anacheka. Siku nyingine zote hacheki."

"Binti!" mama yake akaita. "Njoo huku."

Wakwe walifika saa nane: mwenye gesti, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa maswali, mke wake, aliyetazama dari kwanza kabla ya kutazama watu, na kijana mwenyewe, ambaye hakusema neno siku nzima na hatutamsumbua. Karani aliwapokea kama vile nyumba ni yake. "Karibuni, karibuni kwa Meneja!"

Mvuke alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni. Hakuwekewa kiti. Viti vilikuwa vinatosha. Yeye mwenyewe ndiye aliyevipanga.

"Na huyu mzee?" mama wa kijana aliuliza.

Karani akamkazia macho Meneja, mkewe akamkazia macho Meneja, na Meneja akayatazama matakia.

"Huyu ni kijana wetu wa zamani kazini," alisema. "Amekuja kunisalimia."

Kijana! Mtu wa miaka sitini na tatu, mvi mpaka kwenye nyusi. Mvuke aliinamisha kichwa kidogo. "Shikamooni," aliwaamkia wote, wakiwemo waliostahili kumwamkia yeye, nao bila haya wakaitikia marahaba.

"Mzee, lete soda," Karani akasema. Akaleta. "Baridi hazipo?" Akarudi. "Kifungulio je?" Akarudi tena. Kila akirudi Karani alikuwa na jingine, maana kumtuma mtu bila malipo ni starehe ambayo makarani hawaipati mara nyingi.

Mwenye gesti akasogeza kiti mbele. "Mkwe wangu, mimi nina tatizo. Taulo. Kila mwezi nanunua taulo, kila mwezi zinapotea. Ninyi kule kwenye hoteli kubwa mlifanyaje?"

"Aa, taulo," Meneja alisema. "Taulo ni... ni suala la utawala. La mipango. Inategemea mikakati."

"Mikakati gani?"

Taulo alizijua, alizifua maelfu kwa maelfu, lakini alikuwa amejizoeza miaka tisa kusahau kwamba anazijua.

"Bosi alitufundisha," sauti ikatoka mlangoni, "taulo chafu haitoki chumbani mpaka safi imeingia. Moja kwa moja. Mfuaji hapokei rundo, anapokea hesabu ya chumba. Anayepoteza anajulikana siku hiyo hiyo."

Mwenye gesti akapiga paja. "Hiyo ndiyo akili! Mkwe, mbona hukusema?"

"Bosi hapendi kujisifu," Mvuke akasema, uso mkavu kabisa.

Ikawa hivyo. Mwenye gesti anauliza, Meneja anababaika, Mvuke anajibu, na sifa zinarudi kwa Meneja. Madoa ya mafuta? Bosi alitufundisha. Mashuka kuwa ya kijivu? Bosi hakutaka kabisa tuchanganye na vitambaa vya jikoni. Mkewe alivimba kwa furaha. Hakuna aliyemsaidia Meneja vizuri namna ile maishani mwake, na kila msaada ulimwingia kama sindano, kwa kuwa yeye peke yake pale sebuleni alijua nani alimfundisha nani.

Ndipo mvua ikashuka ghafla.

"Mashuka!" binti akapiga kelele. Akatoka mbio, Mvuke nyuma yake, na Meneja akajikuta naye amesimama na kutoka. Walirudi na mashuka manane mikononi, yameloa kidogo pembeni. Binti akataka kuyatupa kwenye kochi.

"Shuka halirundikwi," Mvuke alisema.

Ilikuwa sauti nyingine. Hata Karani aliiweka soda yake chini. Mvuke akachomoa shuka moja, akazishika pembe mbili, akalirusha upande wa pili bila kutazama liendako. Wala hakuwa na haja ya kutazama. Mikono ya Meneja ilikuwa imeshalipokea.

Walivuta mara moja, kitambaa kikalia pa! Wakakunja kwa urefu, wakavuta tena. Wakaendeana hatua tatu, Meneja akakabidhi pembe zake, akainama akaokota mkunjo chini kabla haujagusa sakafu, akarudi nyuma, akavuta. Tena. Mvuke akalifunga kwa kiganja, akaliweka mezani, na la pili likawa liko hewani. Walikuwa wanahesabu kwa pamoja, chini kwa chini, kwa lugha ya kule. Hawakugusana hata mara moja. La nane lilipotua juu ya yale saba, pembe zilikuwa zimelingana utadhani zimekatwa kwa kisu, na Meneja alikuwa anatabasamu, tabasamu lake mwenyewe, ambalo mkewe hakulikumbuka.

"Hee," mwenye gesti alisema. Alinyanyuka, akazipima pembe kwa kidole. "Mimi wafuaji wangu wawili wanachukua asubuhi nzima." Kisha akageuka. "Mkwe, huyu mzee niachie."

"Nikuachie?"

"Niachie. Wewe umeshastaafu, unamfanyia nini? Kwangu atapata pa kulala, atakula. Nimempenda."

"Mchukue!" Karani akadakia. "Mchukue, mzee, naye atashukuru. Si unaona alivyo, begi moja tu."

"Na ndiyo heri yake," mkewe akaongeza. "Mume wangu, mwambie aende."

Walikuwa wanamgawa. Mtu mzima, mgeni, amevuka mipaka kwa pesa yake, anagawiwa kama sufuria ya ziada. Mwenye gesti hakuwa mbaya. Aliambiwa huyu ni mtumishi, akaomba mtumishi. Wote wakamgeukia Meneja, wakingoja ruhusa.

Mvuke naye alimgeukia. Mchana kutwa alikuwa amemwokoa kila alipokwama. Safari hii alifunga mdomo, akaweka kiganja juu ya mashuka, akasubiri.

Meneja akawatazama mmoja mmoja. Alimwona binti yake amesimama na nywele zimelowa mvua.

"Huyu si wangu," alisema. Sauti haikutosha, akairudia. "Huyu si wangu nimtoe. Mimi ndiye niliyekuwa wake."

"Shemeji..." Karani akaanza.

"Nyamaza, wewe mtu wa tai." Hata yeye alishangaa. "Mimi sijawahi kuwa meneja. Nilikuwa mfuaji. Nilianza na soksi. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu, huyu ndiye aliyenifundisha mambo yote aliyowaambia nimemfundisha mimi." Akakunja mkono wa shati, kovu likaonekana lote. "Hapa sikuanguka ngazini. Niliungua na mashine ya pasi. Miezi minne niko hospitali, yeye akafanya kazi yake mchana na yangu jioni, kwa jina langu, nisifukuzwe. Karo yako, binti yangu, kidato cha pili, ilitoka kwenye mgongo wa huyu. Na leo nimemwita kijana. Nimemlaza stoo."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mama wa kijana alitazama tena dari, safari hii kama anayeikadiria upya. Mkewe aliinuka, akasema kwa sauti ndogo, "Umeniua, mwanamume wewe," akaingia chumbani. Mlango hakuufunga sawasawa. Karani alikumbuka ghafla ana kikao, Jumamosi, saa kumi, kwenye mvua, akaondoka bila mwavuli.

Binti alichukua kiti cha mjomba wake, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka katikati ya sebule. "Ba'mkubwa, kaa."

Mvuke akakaa. Aliutoa mguu mmoja kwenye kiatu akaukanda, maana alikuwa amesimama tangu saa nane.

Mwenye gesti alikuwa bado anazitazama zile pembe. Mtu wa biashara hana muda mrefu wa kushangaa. "Kwa hiyo wewe ndiye mfuaji," akamwambia Meneja.

"Ndiye mimi."

"Uchumba ni wa watoto, siuvunji kwa ajili ya mashuka. Lakini umenidanganya, tena uso kwa uso." Alitafuna mdomo. "Mameneja nimeajiri watatu, wote wameniibia. Mfuaji wa maana sijawahi kupata hata mmoja. Utafua?"

Miaka tisa ya suruali zilizopigwa pasi ilimpita Meneja machoni. "Nitafua."

"Kwa mkwe hakuna upendeleo. Nataka mtu wa kunithibitishia." Akamgeukia Mvuke, na kwa mara ya kwanza akamwita inavyostahili: "Mzee wangu, wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wake. Anafaa?"

Mvuke hakuwa na haraka. Alimpima rafiki yake kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu asiyemjua, kama alivyompima siku ile ya kwanza alipokabidhiwa pipa la soksi.

"Kukunja, anakunja. Madoa anayaweza. Pasi usimpe, anaunguza kola."

"Na uaminifu?"

Meneja alishusha mkono wa shati, akalifunika kovu.

"Nguo za watu," Mvuke alisema, "miaka kumi na moja hajapoteza hata moja." Akauvaa mguu kiatu. "Mengine muulize mkewe."

Mlango wa chumbani ulibaki wazi nusu, na hakuna aliyetoka kuulizwa.